Mashine Kumi za Papa Saidi

Mwaka ule niliamini, kwa moyo wangu wote na bila aibu yoyote, kwamba kompyuta ikifika Kivu inapoteza nguvu kwa sababu imerudi nyumbani. Maelezo yalikuwa hivi: ndani ya kila mashine kuna madini ya koltani, koltani imechimbwa katika vilima vyetu, na mashine ikivuka daraja la Ruzizi inasikia harufu ya udongo wake wa zamani, basi inalegea, kama kijana wa chuo aliyerudi likizo kwa mama yake. Aliyenipa elimu hiyo ni Papa Muderwa, mzee aliyechaji simu za watu kwenye kibanda chake kule Kadutu. Hakuwa amegusa kompyuta hata moja maishani, lakini hesabu yake ilikuwa kamili. "Kule Kigali mashine inatembea yote," aliniambia huku akipanga chaja zake kama muuza samaki. "Ikifika huku inabakia un tiers, sehemu moja ku tatu. Ile ingine udongo unaikalia. Bale benye kuzitengeneza banajua, banatuficha tu." Mtu mwingine angeuliza swali. Mimi nilimshukuru. Mashine zote nilizokuwa nimeziona Bukavu zilikwenda polepole kiasi kwamba ungeweza kubonyeza kitufe, ukaenda kuoa, ukarudi na mtoto wa kwanza, ukaikuta bado inafikiri. Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi.

Nimeikumbuka imani hiyo mwezi uliopita, kwenye kilio cha Prof Cirhuza, aliyekuwa mwalimu wetu wa shule ya jioni. Tulikaa Bagira chini ya bâche, turubai la msiba, kwenye viti vya plastiki ambavyo miguu yake inazama taratibu kwenye tope, hata kila baada ya robo saa unakuta jirani yako amekuwa mfupi. Kati ya wanafunzi kumi na wanane wa mwaka ule tulikuwa sita. Tulikunywa chai, tukala beignets, maandazi ya kwetu, tukafanya lile jambo ambalo watu wa makamo hufanya msibani, yaani kutazamana vichwa na kuhesabu nani amepata mvi zaidi. Bahati, ambaye zamani alikuwa fundi mwashi na sasa ana tumbo la mtu mwenye nyumba za kupangisha, akasema kwa sauti ya kutosha wote tusikie: "Prof alikuwa na roho ya kuvumilia. Mutu anafundisha ordinateur na craie, chaki ya ku ubao, mwaka muzima, bila kukasirika." Watu wakacheka kwa upole wa msibani. "Ju ya zile mashine mbovu za Papa Saidi," akaongeza. Salima, binti wa huyo Papa Saidi na mwanafunzi mwenzetu, alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwangu. Amekuja toka Uvira tangu asubuhi. Aliweka kikombe chake chini, akanitazama mimi, si Bahati, kisha akakichukua tena kikombe akanywa. Nikainama kufuta tope kwenye kiatu. Maana aliyeandika kwamba zile mashine ni mbovu ni mimi, kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, na kwa miaka yote hiyo nimewaacha wenzangu waendelee kusema hivyo.

Basi niseme chumba kilivyokuwa. Tulisoma Nyawera, kwenye chumba cha nyuma cha shule ya msingi, kuanzia saa kumi na nusu, watoto wakishaenda kwao. Mabenchi yalikuwa ya watoto wa darasa la pili. Ukikaa, magoti yanakuja karibu na masikio, na kila mtu mwenye heshima zake, karani wa forodha, mshonaji, mtawa mmoja wa makamo, alikuwa na umbo la panzi. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe yenye majina ya viungo vyake, na karibu na dirisha palinuka chaki, mvua na mafuta ya jenereta ambayo haikuwa yetu lakini moshi wake ulikuwa wetu wote. Tulikuwa na mashine mbili. Moja iliwaka. Nyingine ilikuwa wazi tumbo, ya kuonyeshea viungo, kama ng'ombe wa ukutani. Watu kumi na wanane kwa mashine moja: ukipiga hesabu ya jioni moja, ukitoa saa za courant, yaani umeme, kukatika, kila mtu aligusa kibodi kwa muda wa kupiga chafya mara tatu.

Na mwezi wa saba jury, yaani watahini, ingekuja. Jambo hilo Prof Cirhuza alituambia siku ya kwanza, akaliandika pembeni mwa ubao na kutukataza kulifuta: mashine kumi. Jury isipokuta mashine kumi zinazofanya kazi, hakuna mtihani wa mikono, na bila mtihani wa mikono hakuna brevet, cheti chenyewe. Unapewa attestation, karatasi inayothibitisha kwamba ulikuja ukakaa kwenye benchi. Mimi attestation sikuwa na kazi nayo. Mchana nilipima magunia ya maharage kwenye depo moja ya Mudaka, kazi niliyoifanya kwa miaka sita mpaka nilikuwa naweza kukwambia uzito wa mke wa mtu kwa kumwona anapita. Ofisi moja ya mbegu mjini ilikuwa imeniahidi kiti: lete brevet, uache mizani. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilikuwa chef wa darasa, na nilijiona tayari na tai.

Mwezi wa pili Prof akaleta habari njema. Papa Saidi alikubali kutuachia mashine kumi kwa juma moja, tuzijaribu. Papa Saidi alikuwa mfanyabiashara wa Uvira aliyehamia Bukavu, mtu wa kanzu safi na Kiswahili cha kupigwa pasi, kwa kuwa mababu zake walitoka pwani, na dukani kwake aliuza kompyuta zilizokwisha kutumika Ubelgiji. Directeur wa shule alisema atazichukua zote ikiwa fiche technique, karatasi ya vipimo vyake, ni nzuri, na kama si nzuri zitarudi Jumamosi saa sita kamili. Prof alikesha kuziwekea Linux, mfumo wa kuziendesha, akazipanga ukutani, kumi, zimefunikwa vitambaa kama maharusi. Siku ya Jumatatu akapata simu kwamba mama yake amezidiwa kule Kalehe. Alipanda boti siku hiyohiyo. Kabla ya kwenda aliniita nje, mvua ikinyesha, akaniambia: "Chef, mufanye fiche za mashine zote. Jina la processeur, cœurs ngapi, kama iko trente-deux bits ao soixante-quatre, na vitesse. Commandes ni mbili, nimeziandika ku ubao. Mukishindwa, muningojee." Yaani ubongo wa mashine, viini vyake, kama ni wa bits thelathini na mbili au sitini na nne, na kasi. Nikamwambia aende kwa amani, mambo yapo mikononi mwa mtu mzima.

Commandes mbili, amri za kuandika tu. Hata leo nikiziona naumwa kichwa. Ya kwanza ilikuwa cat /proc/cpuinfo, ambayo inafungua faili ambamo mashine yenyewe inajieleza ubongo wake. Sasa kumbuka: kibodi zilikuwa za Kibelgiji, na Linux ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Kiingereza, kwa sababu Prof aliitwa kabla ya kurekebisha. Maana yake kidole kinaona herufi moja na skrini inaandika nyingine. Ulibonyeza A, ikatokea Q. Ulitafuta mstari wa mlazo, haupo palipochorwa. Niliandika cat, mashine ikasoma cqt, ikanijibu kwamba amri hiyo haijulikani. Nikaandika polepole, cqt. Nikaandika kwa hasira, cqt. Nikaandika huku nimefumba macho na kusali, cqt. Kati ya Jumatatu na Jumanne darasa letu liliandika cqt mara zisizopungua elfu arobaini. Sista yule wa makamo alibonyeza kwa utulivu wa ajabu, herufi kwa herufi, kisha akasema, "Hii kitu inanijaribu," akatoka kwenda kusimama kwenye mvua. Bahati alipendekeza tuipige. Jumatano ndipo Salima alipokuja na sparadra, plasta ya vidonda, kutoka duka la dawa, akazikata vipande vidogo, akaandika juu yake herufi za kweli na kuzibandika moja moja kwenye kibodi zote kumi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa muuguzi. Mstari wa mlazo aliukuta kwenye kitufe cha alama ya sawasawa. "Ulikuwa umejificha huku," alisema. "Haya, Chef, andika sasa, na polepole, usije ukaitoboa meza." Ikafunguka. Mistari ikamwagika kwenye skrini kama maharage ya gunia lililopasuka, mingi mno, yote inapita juu na kupotea, na sisi kumi na wanane tukiikimbiza kwa macho.

Commande ya pili ilikuwa lscpu, na hiyo tuliipenda kama mtoto. Herufi zake tano zote hazihami. Ziko palepale kwenye kibodi ya Kibelgiji na ya Kiingereza. Unaiandika, inakupa orodha fupi: usanifu, cœurs, bits, na kasi. Lakini ile Jumatano, tulipoifikia tu, courant ikakatika. Tukaenda kula kwa Maman Nabintu, ambaye chumba chake cha kulia kilikuwa ng'ambo ya barabara, meza mbili na pazia. Fufu, sombe ya majani ya mihogo, sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga waliokauka vizuri hata wanalia mdomoni. Nyuma ya pazia madereva wawili wa moto, wale wa pikipiki, walikuwa wakibishana. "Simu yangu niliinunua Dubai, kule ilikuwa kama umeme," alisema mmoja. "Nimefika nayo huku, siku tatu, imekuwa kama mubibi." Mwenzake akamjibu, "Ni ile kitu ya udongo, si unajua." Nikaacha kutafuna. Nikamgusa Bahati kiwiko. Watu wawili nisiowajua, ambao hawakumjua Papa Muderwa, walikuwa wakithibitisha elimu ileile. Salima alitoa mwiba wa sambaza kwenye jino, akasema, "Simu yake imejaa video tu huyo." Sikumsikiliza. Mtu akishapata shahidi nyuma ya pazia, haangalii tena aliyekaa mbele yake.

Alhamisi courant ilirudi, na nikaanza kupima. Hapa ndipo nataka msomaji anielewe vizuri, kwa sababu sikufanya kazi kihuni. Nilifanya kazi kwa makini kuliko mtu yeyote katika jimbo zima la Kivu Kusini. Pale Mudaka tuna desturi moja ambayo haivunjwi: kabla ya kupima, sahani ya mizani inaachwa tupu, kila mtu anarudi nyuma hatua mbili, hakuna mkono, hakuna pindo la kitenge linalogusa, na mpimaji anangoja sindano itulie kabisa ndipo asome. Wanunuzi wametoka mbali, kutoka Kalehe na Minova, na mkono mmoja juu ya sahani unaweza kuanzisha vita. Basi desturi hiyo niliileta Nyawera. Nikaamuru kila kitu kifungwe kwenye mashine zote. Muziki wa Bahati, funga. Mchezo wa karata wa mshonaji, funga. Nikawaambia wote waondoe mikono, warudi ukutani karibu na ng'ombe, na tukangoja kimya mpaka zile mashine zikatulia, hata feni zake zikanyamaza. Ndipo nikaenda kwa ncha za vidole, nikaandika lscpu, nikasoma. Jina la processeur lenyewe lilikuwa na kasi yake ndani: elfu mbili mia nne. Chini kidogo, kwenye mstari wa MHz, yaani kipimo cha kasi, mashine yenyewe ilikiri: mia nane.

Elfu mbili mia nne ukigawa kwa tatu ni mia nane. Un tiers. Haikuwa karibu na un tiers, ilikuwa un tiers kamili, kwa hesabu ya Papa Muderwa, mtu wa kibanda. Nikapima ya pili: mia nane. Ya tatu: mia nane. Nilipofika ya kumi nilikuwa natembea kama askofu. "Bandugu," niliwaambia, "mumeona kwa macho yenu." Wakaona. Mshonaji akajishika kichwa. Salima peke yake ndiye aliyebaki ukutani. "Chef, ngoja Prof," alisema. "Baba hauzi kitu kibovu. Au pima tena kesho." Nikamjibu kwa sauti ya chef wa darasa kwamba mizani haina kesho, na kwamba mtoto wa muuzaji hawezi kuwa hakimu wa gunia la baba yake. Watu wakacheka. Sentensi hiyo niliiona nzuri sana. Nikaenda nayo nyumbani, nikairudia mbele ya kioo.

Kila mara nikilifikia jambo hili kichwani nachoka, na mpaka leo sijapata namna ya kulisimulia ambayo inanipendeza. Ijumaa niliandika ripoti kurasa nne. Bits soixante-quatre, vizuri. Cœurs mbili, vizuri. Vitesse: mashine zote kumi zimebaki na theluthi moja ya nguvu iliyoandikwa kwenye jina, pengine kwa ajili ya udongo, pengine kwa ajili ya muuzaji, na darasa halishauri zichukuliwe. Neno muuzaji nililiongeza mwishoni, kwa sababu udongo peke yake ulionekana haujakamilisha ukurasa. Nikaisoma mbele ya directeur nimesimama. Directeur alikuwa mtu wa historia na jiografia. Alisikia megahertz akatikisa kichwa kwa heshima. Jumamosi saa sita Papa Saidi akaja na kijigari cha duka. Hakubishana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama sparadra alizobandika binti yake, akaanza kubeba mashine moja moja kifuani kwake, kanzu ikishika vumbi, mpaka zikaisha. Mlangoni akasema, "Kijana, mimi hizi namba zako sizijui. Lakini mtu akiniletea kitu kibovu huwa naona haya kukiuza. Hizi sikuona haya." Nikamwambia, "Pole, Papa," kwa sauti ya daktari. Jumatatu iliyofuata kiti cha Salima kilikuwa kitupu, na kikabaki hivyo.

Prof alirudi kutoka Kalehe siku kumi baadaye, amemzika mama yake, amekonda. Tulimpokea kwa pole, tukamwachia muda wa kukaa. Kisha akatazama ukuta mtupu, nami nikampa nakala ya ripoti, mikono miwili, kama zawadi. Aliisoma amesimama, akaisoma amekaa. Akaniuliza jambo moja tu: "Wakati mulipima, kulikuwa kitu gani kinafunguka?" Nikamjibu kwa fahari kwamba hakuna, kila kitu kilifungwa, hata muziki wa Bahati. "Hata muziki," alirudia. Akakunja zile kurasa nne, akazitia mfukoni mwa koti, akatoka. Alikaa nje muda mrefu. Kesho yake tulisikia kwamba amekwenda dukani kwa Papa Saidi na kukuta mashine zote kumi zimeuzwa kwa ofisi moja ya Minova, zimeondoka kwa boti. Sisi tuliwahurumia watu wa Minova. Nilisema hivyo darasani: maskini bale, bameuziwa tatu kwa bei ya kumi. Prof alikuwa anafuta ubao. Hakugeuka.

Ndipo ulipoanza mwaka wa chaki. Ile mashine yetu moja iliyowaka ilikufa mwezi wa tatu, kwa moshi mdogo wa bluu, na Prof akaanza kuchora kila kitu ubaoni. Alichora skrini. Alichora kishale. Aliandika lscpu juu, kisha chini yake jibu lote, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake mwembamba, nasi tukanakili kwenye madaftari. Alikuita mbele, akakupa chaki, akakwambia, "Andika commande." Ukikosea herufi, yeye mwenyewe alikuwa mashine: "Command not found," alisema kwa sauti bapa, bila kucheka. Nimeshapiga amri zote za Linux katika ulimwengu huu kwa chaki. Mikono yetu ilikuwa nyeupe kama ya waoka mikate. Na mimi, kila fursa iliyopatikana, nilieleza wageni na wapitaji kwa nini tunasoma hivi: mashine za Papa Saidi, theluthi moja, mwulizeni yeyote. Wenzangu walimlaumu Papa Saidi wakati wa kula, wakati wa mvua, wakati wa courant kukatika, ingawa courant haikuwa na uhusiano naye. Prof aliyasikia yote hayo. Sijui alikuwa na kifua cha namna gani.

Mwezi wa saba jury ikaja, watu watatu wenye mifuko. Wakahesabu mashine: sifuri inayowaka. Wakamsikiliza Prof, wakatupa mtihani wa kuandika, tukaushinda vizuri sana, mimi nikawa wa pili baada ya sista. Wakatupa attestation. Kumi na saba, zimepigwa muhuri, kila moja ikisema mtu huyu alikuja. Ofisi ya mbegu iliitazama ya kwangu mbele na nyuma, kana kwamba brevet ingeweza kuwa upande wa pili, ikanirudishia. Nilirudi Mudaka kwenye magunia yangu na hasira inayoweza kuchemsha maji. Juma zima nilipima huku nikitunga barua kichwani. Jumamosi nikaiandika: barua ya darasa zima kwa redio, isomwe kwenye kipindi cha matangazo, kuwaonya wakaaji wote wa Bukavu kwamba mfanyabiashara fulani, mwenye duka mahali fulani, jina na jina la baba, ameua mwaka wa watu kumi na saba. Bahati alitia saini. Mshonaji alitia saini. Sista alisema ataomba kwanza. Nilibakiza saini ya Prof tu, kwa kuwa redio ingetaka kusikia mwalimu.

Nilimkuta kwake Bagira Jumapili baada ya misa, amevaa shati la misa na kandambili. Mke wake aliniwekea sahani ya ndizi na maharage kabla sijasema neno. Mezani, kati ya chumvi na pilipili, kulikuwa na laptop yake ya zamani, imefunguliwa, haifanyi chochote, skrini nyeusi na kishale kinapepesa. Nikamsomea barua. Alisikiliza akiwa ameweka kidevu mkononi. Nilipomaliza nikamsogezea kalamu.

"Kula kwanza," alisema.

"Prof, nimeshiba hasira. Weka tu signature. Redio inafunga matangazo saa tisa."

"Andika lscpu hapo."

Nilifikiri anataka kunipa faraja, mtu aliyenyimwa mtihani wa mikono apewe japo amri moja. Nikaifuta mikono kwenye suruali, nikaandika. Kibodi yake ilikuwa sahihi, herufi zote zikakubali. Nikasoma kwa sauti, kama darasani: usanifu, bits, cœurs. Jina lake lilisema elfu mbili mia nne. Mstari wa MHz ulisema mia nane.

"Unaona," nikamwambia, na nakiri kwamba nilitabasamu, "hata yako udongo umeikamata. Uliinunua kwake?"

Prof alivuta laptop upande wake, akafungua dirisha jingine, akaandika amri fupi ambayo sikuijua, ya kuifanya mashine irudie neno moja bila mwisho. Tukakaa. Mke wake alikuwa anaosha vyombo uani, nasikia sufuria. Baada ya muda feni ndani ya laptop ikaanza kupuliza, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, na joto likanifika kwenye vidole vilivyokuwa karibu na sahani.

"Andika tena," alisema Prof. "Na usome ile mustari moja tu."

Nikaandika. Elfu mbili mia nne. Nikaandika tena, nikidhani jicho. Elfu mbili mia nne. Maharage yakapoa. Nilitazama zile namba muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama sindano ya mizani yoyote, na mtu wa kwanza kuja kichwani hakuwa jury wala ofisi ya mbegu. Alikuwa mzee mwenye kanzu, amebeba mashine kifuani.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku nilirudi."

"Na ukanyamaza, Prof. Miezi mitano. Ninapayuka pale mbele, na ukanyamaza."

"Zilikuwa zimeshaenda Minova. Kama ningesema, benzako bangekufukuza, na ungeacha masomo. Na mashine zisingerudi. Papa Saidi nilimuomba pole mimi mwenyewe, alikubali." Alichukua ile barua, hakuipasua, aliikunja tu na kuiweka upande wangu wa meza. "Lakini hii siwezi kuweka signature. Na wewe hautaipeleka."

"Sasa nini kilizipunguza?"

"Hakuna kitu kilizipunguza, Chef. Mashine ikikosa kazi inajishusha yenyewe, isikule courant bure, isipate moto. Ukiipatia kazi, inapanda. Iko hivyo Bukavu, iko hivyo Kigali, iko hivyo Brussels. Mulifunga kila kitu, mukangoja ilale, ndiyo mukasoma. Zile kumi zilikuwa nzima."